Ukimsomea mtoto hadithi ya wema, jiandae kuulizwa maswali

Kama una mpwa, mdogo wako au mtoto wako mwenyewe wa kati ya miaka minne na minane, kaa hapa kidogo tuongee. Hii si makala ya walimu. Mimi mwenyewe si mwalimu, na chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usitarajie nadharia nzito. Naishi Bungoma mjini kwenye bedsita, naandika blogu, na wikendi nikipata nauli napanda matatu hadi Malakisi kwa mama. Huko ndiko nilikogundua kwamba kumfundisha mtoto wema kwa kitabu cha picha ni kazi kuliko watu wanavyosema, na kwamba anayepata taabu si mtoto.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mpwa wangu ana miaka saba na anaishi na mama yangu, kwa sababu dada yangu anatafuta riziki Nairobi. Wiki hiyo jirani yetu alilazwa hospitalini, na binti yake wa miaka sita akaletwa kwetu akae hadi mama yake atoke. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mtoto alifika jioni akiwa na mkoba wa shule wenye nguo mbili, akapewa ugali na sukuma, akaonyeshwa kitanda. Basi.

Siku ya kwanza mpwa wangu alifurahi kupata mwenzake wa kucheza. Siku ya pili akaanza kuhesabu. Kikombe changu. Mto wangu. Kukhu wangu. Siku ya tatu, nilipofika mimi, alikuwa amekunja leso akailaza katikati ya godoro kama mpaka wa Lwakhakha, huku Kenya na kule Uganda, na pakiti ya kalamu za rangi niliyomnunulia Krismasi ilikuwa imetoweka. Mgeni alikuwa amekaa mlangoni akichora mchangani kwa kijiti.

Mama akawaka. "Huko shuleni mnafunzwa nini?" Mtoi akasimama wima, mikono nyuma, akazitaja kama wimbo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki, uadilifu. Maadili yote manane, bila kukosea. Kama una mtoto kwenye mtaala wa CBC unaijua hiyo orodha. Mtaala huo huo una hata mafunzo ya huduma kwa jamii, mwanafunzi atoke darasani afanye kitu cha kuwafaa watu. Sina ugomvi na orodha. Ila kalamu zilibaki zilikofichwa.

Hapo nikajiona mjanja. Mimi ndiye khocha, mjomba wa mjini mwenye simu janja. Nikajiambia, hili nitalimaliza kwa kitabu.

Sasa, kabla sijaendelea, nikuulize: wewe uliwahi kujiona kwenye kitabu ukiwa mdogo? Ukitafuta Malakisi kwenye vitabu, utakutana kwanza na risasi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi wa mkoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya Elijah Masinde, hapa hapa Malakisi, na watu 11 wakafa. Ukiendelea kutafuta utapata habari za pamba na za tumbaku. Watoto wa hapa hawamo. Mimi nilikua nikisoma kuhusu watoto wenye theluji na mbwa anayelala ndani ya nyumba. Kwa hivyo siku nilipokutana na Khalai kwenye simu yangu, niliita mtu aje aone.

Khalai ni msichana wa miaka saba kwenye kitabu cha picha kilichoandikwa na Ursula Nafula, Mkenya, na kuchorwa na Jesse Pietersen. Jina lake, kitabu kinatuambia, ni la Lubukusu na maana yake ni mtu mwema. Siku nzima Khalai anaongea na mimea: mchungwa wa nyumbani, nyasi za njiani, mti wa pale shuleni, ua linaloizunguka shule. Anaisihi ikue. Jioni anarudi kuangalia kama machungwa yameiva. Hayajaiva. Basi, atarudi kesho. Kimeisha. Hakuna fisi, hakuna zimwi, hakuna mtoto mkaidi anayemezwa.

Hadithi hiyo iko bure kwenye African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Tovuti yao ilifunguliwa mwaka 2014, na Kenya ilikuwa kati ya nchi nne za majaribio pamoja na Uganda, Lesotho na Afrika Kusini yenyewe. Kuna hadithi nyingi sana humo, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Lubukusu zikiwemo. Unaruhusiwa kupakua, kuchapisha, hata kutafsiri mwenyewe ukiona lugha ya kwenu haipo. Mimi napakua nikiwa mjini penye waifai, nikifika Malakisi sihitaji bando.

Usione hilo ni dogo. Picha za rangi zinataka karatasi nzuri na wino mwingi, kwa hivyo kitabu cha picha ni ghali kukichapisha, halafu sheria ya VAT ya 2013 ikaja na kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Mzazi mwenye mia tatu mfukoni atanunua kile kilicho kwenye orodha ya shule. Hatanunua hadithi ya msichana na mchungwa. Na simulaumu, mimi pia nisingenunua.

Tukalala kifudifudi kitandani watatu, mimi juu ya ule mpaka wa leso, simu katikati. Walimpenda Khalai. Mpwa wangu alitaka kurudia ukurasa wa nyasi mara tatu. Mgeni, ambaye tangu afike alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa tu, aliuliza kama mchungwa unasikia.

Asubuhi nilimsikia mpwa wangu nje akiongea na mparachichi wa mama. Aliuomba uzae kwa wingi, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumsikia nayo, akaumwagia kikombe cha maji. Kisha akaingia ndani na kumwambia mwenzake asikanyage upande wake wa mkeka.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Lakini ukifikiria, mtoto alikuwa amesoma vizuri kabisa. Kitabu kilimwambia awe mwema kwa miti, naye akawa mwema kwa miti. Mti haulali kwenye godoro lako. Mti haukuombi kalamu nyekundu ukaivunja ncha.

Jaribio la pili. Nina vitabu viwili vya karatasi nilivyonunua Kitale, mitumba iliyotandikwa kando ya barabara. Kimoja kina jina la mtoto wa ng'ambo limeandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na huwa najiuliza huyo mtoto sasa ni mkubwa kiasi gani. Cha kwanza ni Mama Panya's Pancakes cha Mary na Rich Chamberlin, michoro ya Julia Cairns, kilitoka mwaka 2005. Ni cha Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa nikitafsiri huku nikisoma. Kwanza usubiri watoto wamalize kucheka, maana nani katika nchi hii anaitwa Mama Panya? Waandishi walitupenda lakini hawakutuuliza.

Mama Panya anaenda sokoni na kijana wake Adika. Ana sarafu chache, anataka kupika chapati za maji. Kila mtu wanayekutana naye njiani, Adika anamkaribisha chakula cha jioni. Rafiki huyu, jirani yule, njooni nyote. Mama anazidi kuhesabu sarafu kichwani. Jioni wageni wanafika kweli, lakini kila mmoja amekuja na kitu mkononi, na chakula kinatosha.

Mama yangu alikuwa kando anachagua maharagwe. "Huyo kijana anaalika watu kwa unga wa nani?"

Mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Kwenye kitabu kila mgeni alikuja na kitu. Kwetu mgeni alikuja na nguo mbili. Unga ulioongezeka kwenye sufuria ulikuwa wa mama, kuni zilikuwa za mama, na usiku mtoto alipolia akimtaka mamake, aliyeamka ni mama. Sisi wengine tulikuwa tunasifu tu. Vitabu vingi vya wema vina Adika ndani yake, na Adika ni mtamu, lakini nyuma ya Adika kuna mwanamke anayehesabu sarafu, na watoto wanaosikiliza hawamwoni mpaka mtu awaonyeshe.

Mama aliwaonyesha kwa njia yake. Kesho yake alipoenda kusaga, aliwabeba wote wawili hadi posho mill, na wakati wa kurudi mpwa wangu akatwishwa kifuko kidogo cha unga. "Huu ni wa mwenzako." Alilalamika njia nzima. Lakini aliufikisha. Nilipomuuliza kama ulikuwa mzito akaniambia mwenzake anakula sana. Haya, angalau sasa alijua mwenzake anakula nini na kinatoka wapi.

Ngoja niseme kitu kimoja hapa maana kimenikaa. Vitabu vya picha vya aina hii vinavyotoka nje, mara nyingi mtoto wa Afrika ndiye anayepokea. Anapewa mbuzi, anapewa viatu, anatabasamu. Sasa tafuta 14 Cows for America, cha Carmen Agra Deedy akishirikiana na Wilson Kimeli Naiyomah, kilichotoka mwaka 2009. Naiyomah ni Mmaasai wa Enoosaen, kule Trans Mara, aliyekuwa New York siku ya shambulio la Septemba 2001. Alirudi nyumbani akawasimulia watu wake, na mwaka 2002 wakaipa Marekani ng'ombe 14 kwa kuwapa pole. Naibu balozi akafunga safari kwenda kupokea. Ng'ombe wenyewe walibaki huku huku, maana utawapandishaje ndege? Nakwambia nilipowasomea watoto sehemu ya Marekani kupewa ng'ombe, mpwa wangu aliuliza, "Hawana?" Hiyo sura ya kutoamini ningeilipia.

Turudi kwa kalamu, ambazo hadi hapo hazijaonekana.

Kuna utafiti nilikuwa nimeusoma, wa wanasaikolojia wa Toronto, Kanada, ulichapishwa mwaka 2017. Waliwapa watoto wa miaka minne hadi sita stika kumi, wakawaambia wanaweza kuwawekea wenzao wasiopata. Kisha wakawasomea hadithi ya kugawana. Kundi moja likasomewa yenye wahusika watu, lingine likasomewa hadithi ile ile lakini wahusika ni wanyama waliovaa nguo na kuongea. Wakawapa stika tena. Waliosomewa kuhusu watu walitoa zaidi ya mwanzo. Waliosomewa kuhusu wanyama walitoa kidogo kuliko mwanzo. Nilipoisoma nilimfikiria Sungura wetu wa ngano. Hakuna mtu aliyewahi kujifunza ukarimu kutoka kwa Sungura. Tulijifunza kuiba na kukimbia, na tulifurahi sana.

Kwa hivyo kitabu changu cha mwisho, kwa hesabu za wataalamu, kilikuwa kosa. Wahusika ni kiboko na kobe. Tofauti yake ni kwamba ni kisa cha kweli, na hapa hapa nyumbani, na picha zake si za kuchora bali zimepigwa kwa kamera na Peter Greste. Kinaitwa Owen & Mzee. Kilitungwa na Isabella Hatkoff, msichana mdogo wa Marekani, pamoja na baba yake Craig na mwanasayansi wetu Paula Kahumbu, kikatoka mwaka 2006.

Kisa chenyewe wewe wa rika langu huenda unakikumbuka kwenye taarifa ya habari. Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, kiboko mtoto alikwama baharini karibu na Malindi, peke yake, bila mama. Watu walihangaika naye kwa kamba na nyavu hadi wakamtoa, akaitwa Owen kwa jina la mmoja wa waliomwokoa. Akapelekwa Haller Park, Mombasa. Humo alikuwemo kobe mkubwa wa Aldabra, umri wake ukikadiriwa kuwa kama miaka 130, jina lake Mzee. Owen akamfuata Mzee, akajibanza nyuma yake. Baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaogelea pamoja.

Lakini si mara moja. Mwanzoni Mzee alimpulizia kwa hasira na kuondoka zake. Kitabu hakifichi hilo. Mimi nilitaka kulipita haraka nifike kwenye picha za kupendeza, na hapo ndipo nilipokamatwa.

"Kwa nini Mzee alimfukuza?"

Nikatoa jibu la haraka: alikuwa hajamzoea. Mpwa wangu akaniangalia tu. Unajua ile namna mtoto anakuangalia akijua umempa jibu la watoto. Mgeni naye alikuwa anaangalia picha bila kusema. Kisha mpwa wangu akauliza, "Khocha, wewe ushawahi kufukuza mtu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifungua mdomo niseme hapana.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka minane. Huko juu Mlima Elgon mapigano ya mashamba yalikuwa yameanza mwaka uliotangulia, kundi la SLDF likiua watu na kuwafukuza makwao. Jeshi lilikuwa halijaja bado. Operesheni Okoa Maisha ilianza Machi 2008, na hiyo nayo iliacha vilio vyake. Watu waliteremka kutoka upande wa Cheptais usiku, magodoro kichwani. Familia moja ilikaa kwetu, na ndani yake kulikuwa na kijana wa rika langu aliyefika miguu mitupu. Mimi nilikuwa na pea mbili: viatu vya shule na sandak. Mama akasema sandak apewe yeye, aende nazo shuleni.

Usiku niliamka, nikachukua kiatu kimoja, cha kulia, nikakisukuma nyuma ya magunia ya mahindi stoo. Kimoja tu, maana nilijua kimoja kinatosha. Asubuhi mama akakitafuta. Yule kijana akakitafuta. Nami nikasaidia kukitafuta. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda, nikasema huku hakuna. Akaenda shule bila viatu siku hiyo, na kesho yake, na miezi yote waliyokaa. Hakuwahi kunishuku. Tulikuwa tunacheza mpira pamoja, na mara nyingine nilimkanyaga.

Hayo yote nikawaambia watoto wawili wa miaka saba na sita, nikiwa mtu mzima wa miaka 26. Sijawahi kumwambia mtu mwingine. Na nilikuwa nimesahau kwamba mlango wa jikoni uko wazi.

Mama akatokea na mwiko mkononi. "Ile sandak niliiona mahindi yalipoisha," akasema. "Walikuwa washaondoka. Nikalaumu panya."

Akarudi jikoni. Watoto wakaangua kicheko, "Mama Panya! Mama Panya!" wakirukaruka juu ya kitanda, leso ikaanguka chini. Mimi nilibaki nimeshika kitabu kwenye ukurasa wa kobe.

Usidhani kalamu zilitoka usiku huo. Mambo hayaendi hivyo. Asubuhi leso ilikuwa imerudishwa mahali pake na mpaka umefungwa. Lakini mchana, nikiwa napanga begi nirudi mjini, niliona pakiti iko juu ya meza na mgeni anachora kiboko ambaye kusema kweli alifanana na kiatu. Nikahesabu kalamu: kumi. Pakiti ilikuwa ya kumi na mbili. Nyekundu na bluu hazikuwepo. Mpwa wangu akaona ninahesabu. "Hizo mbili bado nazitumia," akasema, na akatoka nje kabla sijasema neno.

Sikusema neno. Mimi kiatu nilificha mwaka mzima, nani kama mimi wa kudai nyekundu na bluu?

Kama utajaribu haya nyumbani, kuna jambo moja ningekuomba uache, nalo ni lile swali la shuleni: hadithi hii inatufunza nini? Sote tulilelewa nalo. Mwalimu anafunga kitabu, mikono inapanda, mtu anasema inatufunza tuwe wakarimu, makofi. Nimewasikia watoto wakilijibu kabla hata hadithi haijaisha, kwa sababu wanajua kila hadithi jibu ni moja kati ya matano. Mpwa wangu angenipa jibu hilo jioni ya kwanza kabisa, na kalamu zingebaki chini ya godoro. Mimi sasa nafunga kitabu na kunyamaza. Ni vigumu, unaona kama unapoteza muda, unatamani kuhubiri. Nyamaza tu. Mtoto ataanza mwenyewe, au hataanza, na akianza huenda akakuuliza kitu ambacho hukutaka kuulizwa mbele ya mama yako.

Na soma kwa lugha wanayogombana nayo. Mpwa wangu anatamka Kiingereza cha darasani vizuri, lakini anapotetea mto wake anatetea kwa Kiswahili na Lubukusu. Ukimsomea wema kwa Kiingereza kitupu, utabaki darasani pamoja na ile orodha ya mambo manane.

Jirani alitoka hospitalini baada ya siku tisa. Alikuja kumchukua binti yake akitembea polepole, akamletea mama kuku. Mama alikataa, wakavutana mlangoni kama ada, mwishowe kuku akabaki. Nilihadithiwa tu kwa simu, na niliambiwa pia kwamba mgeni aliondoka na kalamu moja ya kijani iliyobaki kipande, na hakuna anayekubali kwamba alimpa.

Sasa kila Jumapili nikipiga simu nyumbani, mpwa wangu anamnyang'anya kukhu simu. Hanisalimu. Anataka kujua kama nimempata yule kijana wa sandak. Nimejaribu Facebook, nimeuliza mtu mmoja anayefanya kazi Cheptais, nimemuuliza mama jina la baba yao naye anasema walimwita tu Baba Fulani kwa jina la mtoto. Nina jina moja, na kule mlimani jina hilo lina wenyewe wengi.

"Bado," namwambia.

"Tafuta, khocha," ananiambia, na anampa kukhu simu.